Kushusha kinga si kutuliza muwasho

Mbwa akipewa predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa ajili ya muwasho wa viroboto, pale mtaani Nyakato utaambiwa "yuko kwenye dawa za kushusha kinga". Mara nyingi hayuko.

Dawa za kushusha kinga huzuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, kwa mfano inapoangamiza chembe nyekundu za damu. Zimo predinisoloni, azathioprini na siklosporini. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni predinisoloni, maana kidonge ni kilekile cha miligramu 5. Kwa mbwa, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hutuliza muwasho na uvimbe. Kushusha kinga hasa huanzia kwenye miligramu 2 hivi. Mbwa wa kilo 20, basi, ni vidonge viwili hadi vinne upande mmoja, vinane upande wa pili. Kwenye vinane atakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, atahema, na maambukizi yaliyojificha yatapata mwanya. Kwetu huku kupe ni wengi, na ugonjwa wa erlikia wanaoueneza hushusha chembe sahani (zinazogandisha damu) hadi ukafanana na kinga iliyougeukia mwili wenyewe. Damu ipimwe kwanza. Sindano ya deksamethasoni, steroidi nyingine, nayo si "kidogo tu": miligramu moja yake ni sawa na karibu saba za predinisoloni.

Paka ana sheria zake. Apewe predinisoloni, si predinisoni, ambayo ini lake huibadilisha kwa shida. Azathioprini asipewe kabisa, huua uboho. Akiwa kwenye siklosporini, nyama mbichi na kuwinda panya ni marufuku, kwa sababu ya kimelea cha toksoplazima.

Wote wasichanganyiwe predinisoloni na diklofenaki wala aspirini ya nyumbani, tumbo hutoboka. Chanjo hai, zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, zisubiri.

Kwa hiyo anayempa mbwa wa kilo 20 vidonge vitatu kwa siku aseme tu anamtulizia muwasho. Hata hivyo, zikipita wiki mbili asikate ghafla, kwani tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zimeshazembea: daktari wa mifugo ampangie kupunguza kidogo kidogo. Kwa mgonjwa wa kushushwa kinga, kawaida ni kupunguza kama robo ya dozi kila baada ya wiki mbili hadi nne, hata kama anaonekana mzima.