Mbuta ana seli kubwa kuliko omena?

Asubuhi pale Dunga, Kisumu, mashua zikirudi, mbuta wa kilo kumi hulala kando ya omena wa urefu wa kidole. Wengi huamini kwamba mnyama mkubwa ana seli kubwa (seli ni chembe ndogo zinazojenga mwili), na ukiwatazama samaki hao wazo hilo linaingia akilini. Lakini kwa kawaida seli za aina moja hukaribiana ukubwa. Kinachozidi ni idadi. Chukua damu: seli nyekundu ya binadamu ina upana wa mikrometa 7 hadi 8 (mikrometa 1,000 ni milimita moja). Ya ng'ombe, pamoja na uzito wake wote, ni kati ya 5 na 6.



Ukitaka kuhakikisha, mwombe mwalimu wa biolojia wa shule ya jirani mtumie hadubini yao. Babu na mjukuu, kila mmoja na kijiti chake safi, wakwangue polepole ndani ya shavu. Pakeni kwenye kipande cha kioo, wekeni tone la iodini, funikeni, kisha tazameni kwa hadubini. Mtaona seli bapa zenye kiini katikati, na kwa ukubwa hamtajua zipi ni za babu.