Rangi nne na brashi pana: meza ya vita inayopendeza bila kukesha

Wachezaji wengi wa michezo ya vita ya mezani ninaokutana nao humaliza hela na subira yote kwenye askari, vile visanamu vidogo vya kuchezea. Askari wa milimita 28 atapakwa mpaka vifungo vya shati, halafu anasimamishwa juu ya shuka la kijani, katikati ya maboksi ya dawa ya meno yanayojifanya nyumba. Naona hapo kazi imewekwa kichwa chini miguu juu. Mtu aliyekaa kwenye kiti anaiangalia meza kutoka karibu mita moja, na kwa umbali huo kifungo hakionekani. Anachokiona ni ardhi, kuta, mawe na miti, na hivyo ndivyo vinavyomwambia yuko wapi.

Raha yake ni kwamba mandhari inapakwa haraka kuliko kikosi chochote, ilimradi usiipake kama askari. Mchana mimi huandika mabango ya maduka hapa Mtwara mjini, na bango linasomwa na mtu aliye juu ya bodaboda, haliangaliwi kwa miwani. Unachagua rangi chache, unazitenganisha vizuri giza na mwanga, unaondoka. Meza nayo ni hivyo hivyo. Anayechelewa huwa si mzito wa mkono. Ni yule anayemaliza nyumba moja, kisha anahamia mwamba na rangi nyingine, kisha kisima na rangi nyingine tena. Mwishoni ana vipande vizuri kimoja kimoja ambavyo havijuani. Paka meza, usipake kipande.

Rangi nanunua duka la vifaa vya ujenzi: rangi ya maji ya ukutani, ile isiyong'aa. Lita moja ya nyeusi, lita moja ya krimu, lita moja ya njano ya udongo, na oksaidi, ile poda nyekundu ya kuchanganyia sakafu ya saruji. Basi. Rangi ya mafuta iache hukohuko dukani; inang'aa, inachelewa kukauka, na brashi yake inataka tina. Vichupa vidogo vya kuagiza kutoka nje ni vizuri sana kwa uso wa askari, lakini kupaka navyo mita mbili za ardhi ni kuchezea pesa. Kijana wa duka ninalonunua aliwahi kuniuliza, "Fundi, nyumba ya nani hii unaipaka kahawia namna hii?" Nikamwambia napaka ardhi. "Kaka, ardhi si ipo bure nje?"

Ana hoja, na mchanga kweli nautoa nje. Lakini mchanga uliogandishwa kwa gundi na kuachwa bila rangi hauonekani kama ardhi. Gundi inaufanya uwe na madoa, sehemu nyingine umekolea, sehemu nyingine umefifia, na kwa kuwa wote una rangi moja, jicho halioni bonde wala kilima. Kwa hiyo mchanga nautumia kwa ajili ya ule ukwaruzo wake tu, rangi naiweka mwenyewe. Ukiuchota ufukweni, uoshe kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa. Chumvi ikibaki inavuta unyevu, na baadaye inatokeza juu ya rangi kama ukungu mweupe.

Sasa mchanganyiko wenyewe, maana hapa ndipo penye siri yote kama kuna siri. Nachukua nyeusi, oksaidi na njano kidogo, napata kahawia nzito inayokaribia giza. Hiyo ndiyo mama. Naitengeneza nyingi, kopo zima. Kutoka kopo hilo nachota kiasi, naongeza njano na krimu, napata rangi ya pili ya ardhi. Nachota tena kutoka ya pili, naongeza krimu, napata ya tatu. Kijivu cha mawe nacho natoa kwa mama huyohuyo: kahawia kidogo, nyeusi kidogo, krimu nyingi. Kwa kuwa kila rangi ina damu ya ile ya kwanza, ukuta, mwamba na njia vinaelewana hata kama ulivipaka miezi tofauti. Kijivu cha nyeusi na nyeupe pekee kinatoka baridi, kinafanana na zege, na mwamba wa Masasi haufanani na zege hata siku moja.

Kabla ya rangi kuna maandalizi, na hayo nayapitia haraka kwa sababu hayana uzuri, yana lazima tu. Miamba na kuta nachonga kwa stairofomu, ile inayokuja kwenye maboksi ya TV na friji. Usiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, kimiminika chake kinaila mpaka ibaki mashimo. Changanya gundi nyeupe ya mbao na rangi nyeusi ya maji, paka kote, iache ikauke usiku kucha. Hapo umeiziba na umeipa ngozi. Kitako nakata kwa hadibodi, na nakipaka pande zote mbili, juu na chini. Ukilowesha upande mmoja tu, hadibodi inajikunja ikikauka, na nyumba yako itayumba kila mtu akiegemea meza. Masika gundi inakawia sana kukauka, kwa hiyo usilazimishe: gundi ambayo haijakauka vizuri inalainika tena ukimiminia rangi ya majimaji juu yake, na mchanga unabanduka na brashi.

Vipande vyote vikishapata ngozi, navipanga mstari barazani. Napaka mama kila mahali kwa brashi pana ya inchi mbili, nasukuma rangi iingie kwenye nyufa. Hapa sihitaji ustadi, nahitaji kufunika. Nikifika kipande cha mwisho, cha kwanza kimeshakauka, maana upepo wa kusi ukivuma barazani rangi ya maji haikai mbichi. Ndiyo maana sipaki kipande kimoja kimoja: muda wa kusubiri unamezwa na kazi ya kipande kinachofuata.

Kisha brashi kavu. Chovya ncha tu kwenye rangi ya pili, futa brashi kwenye kipande cha boksi mpaka ionekane kama haina kitu, kisha pitisha juu ya mchanga kwa wepesi, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kabati. Rangi inashika vichwa vya chembe tu na kuacha mashimo na giza lake. Safari ya kwanza bonyeza kidogo, rangi ishike sana. Safari ya pili, na rangi ya tatu, bonyeza kidogo zaidi ya kutobonyeza. Brashi nzuri kwa kazi hii si mpya. Ile ya duara ya kujipaka poda usoni, nywele nyingi na laini, inashinda brashi nyingi za wachoraji. Inauzwa kwenye maduka ya vipodozi, na hakuna atakayekuuliza unaipaka nyumba ya nani. Ukiona michirizi, brashi ina maji. Ikaushe, subiri, endelea.

Kuta ndizo ninazozipenda, na kwa kuta mwalimu wangu ni Mikindani, mji wa kale hapa jirani. Siku ukiwa na nafasi, simama mbele ya moja ya zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, uisome kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa, ambapo mvua inagonga, ukuta umekuwa mweusi-kijani wa kuvu. Chini ya kila dirisha kuna michirizi miwili, mmoja kila pembe, kwa sababu maji yanatiririkia pembeni mwa kizingiti na siyo katikati. Katikati ya ukuta chokaa imebaki na weupe wake uliochoka. Pale ilipobanduka unaona jiwe, na jiwe hilo halina umbo la tofali. Ni vipande vya kila ukubwa vilivyoshindiliwa kwenye chokaa. Chini kabisa, mpaka kimo cha goti hivi, ukuta umegeuka rangi ya udongo, kwa sababu kila mvua inarusha matope juu yake.

Huo mstari wa chini ndio unaofanya nyumba ya mezani ionekane imejengwa pale, siyo imewekwa. Kwa askari wa milimita 28, sentimita moja mezani ni karibu sentimita 60 za kweli, kwa hiyo kimo cha goti ni sentimita moja au pungufu. Chukua rangi ya pili ya ardhi, ileile, usichanganye nyingine. Chovya kipande cha sponji, kamua, gusagusa kuanzia kitako kwenda juu ukipunguza nguvu. Kwa nyumba moja ni kazi ya dakika chache, na ningelazimishwa kufanya hatua moja tu baada ya rangi ya msingi, ningefanya hiyo.

Michirizi ya dirishani napata kwa rangi ya kumiminia: mama kidogo kwenye maji mengi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Sabuni inavunja ule mvutano wa maji, rangi inakimbilia kwenye nyufa badala ya kusimama kama tone juu ya jani la mgomba. Weka kwenye pembe za dirisha, acha ishuke yenyewe. Usiimwage ukuta mzima. Ukuta mzima ukilowa, weupe wote unakufa na inabidi uanze upya na brashi kavu. Na weupe wenyewe uwe krimu, siyo nyeupe ya kopo, ili ubaki na nafasi ya kuongeza mwanga kwenye kona chache za mwisho.

Magofu yanafuata njia hiyohiyo, na mkoa wa Lindi una kielelezo ambacho dunia nzima inakijua, Kilwa Kisiwani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Nenda ukaangalie, piga picha. Jiwe usiokote. Wala usiende Msimbati kubeba matumbawe ya kutengenezea miamba, pale ni hifadhi ya bahari. Gome kavu la mti lililovunjwavunjwa linatoa mwamba mzuri kuliko jiwe la kweli, tena ni jepesi.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo mengi ya kutoka nje yatakupoteza. Meza zao ni za kijani kwa sababu wao wanapaka mashamba ya Ulaya. Tuchukue mapigano ya Mahiwa ya Vita ya Kwanza ya Dunia, huku kwetu Lindi, Oktoba 15 hadi 18, 1917, kati ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na majeshi ya Waingereza, yakiwemo ya askari kutoka Nigeria. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Nyasi zimekauka, vumbi jingi, kijani kimebaki kwenye miti tu, hasa mabondeni. Ukiipaka Mahiwa kijani umepaka nchi nyingine.

Lakini hapo unakutana na tatizo la kweli la mandhari ya kiangazi: askari wamevaa kaki, na kaki juu ya nyasi za njano inapotea kabisa. Mchezaji ataanza kutafuta kikosi chake kwa vidole. Suluhisho langu ni kuiacha ardhi yenyewe gizagiza, ngazi moja chini ya nguo za askari. Naishia kwenye rangi ya pili, ya tatu naigusa kwenye kingo za njia peke yake. Njano naiachia nyasi, na nyasi naziweka kwa mafungu yenye nafasi kati yake, zisijaze meza. Fungu la nyasi ni uzi wa kamba ya katani uliofumuliwa, ukakatwa sentimita moja na kusimamishwa kwenye tone la gundi. Katani haihitaji kupakwa. Rangi yake ya asili ndiyo ya Oktoba. Kitako cha kila askari nacho kinapata ukingo wa mama, na hapo anaonekana hata kwa mzee asiye na miwani.

Miti naifanya haraka. Waya wa kusokota kwa shina, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa kwa majani, rangi ya kijani niliyoitoa kwa nyeusi na njano. Nyeusi ikikutana na njano inatoa kijani kizito kilichochoka, kizuri kuliko kijani chochote cha kopo. Mkorosho unataka kichwa kipana kinachokaribia kugusa chini, na giza tupu ndani yake. Usipitishe brashi kavu chini ya matawi.

Kuhusu mwanga: wengi tunapaka mchana barazani na kucheza usiku chini ya taa. Taa ya juu inayowaka sawasawa inafuta vivuli, na meza iliyopendeza saa tisa alasiri inakuwa bapa saa mbili usiku. Kwa hiyo ngazi ya mwisho ya mwanga ifanye ndani, taa ikiwa imewaka, na uthubutu kuzidisha kidogo. Ukiitoa nje kesho yake itaonekana imezidi. Mwache anayecheza nje alalamike.

Vanishi ya mbao siweki, kwa sababu ya mng'ao. Ninayo kidogo kwa dimbwi la maji na matope mabichi tu. Kulinda rangi, nanyunyiza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji mengi, kwa kichupa cha kupulizia, baada ya kila kitu kukauka. Rangi iliyobaki naimimina kwenye makopo yenye mfuniko unaobana, naweka karatasi ya nailoni juu ya rangi yenyewe kabla ya kufunika ili isifanye utando, na nje ya kopo naandika kilichomo: nyeusi vijiko vingapi, oksaidi vingapi, njano vingapi. Napaka na tone la rangi hiyo juu ya mfuniko, kwa sababu ikikauka haifanani na ilivyo ndani. Mtu akiniagiza nyumba nyingine ya meza yake ya zamani, nalinganisha mfuniko na ukuta wake kabla sijachovya brashi.