Mayo haina uhaba wa pointi, ina uhaba wa mabao

Ukiishi magharibi ya Ayalandi kama ninavyoishi mimi, ukishasalimiana na mtu dukani, linalofuata ni swali: "Mwaka huu je?" Timu haitajwi, kwa sababu kila mtu anaijua. Ni Mayo, katika soka ya Kigaeli, na kinachoulizwa ni Sam Maguire, kombe la ubingwa wa Ayalandi yote, ambalo kaunti hii ililinyanyua mara ya mwisho mwaka 1951. Tangu 1989 Mayo imefika fainali 11 na kupoteza zote.

Mimi ni mchambuzi wa mechi katika klabu ndogo ya hapa. Nakaa jukwaani na daftari, naandika kila shuti limepigwa wapi na limeishia wapi. Kwa hiyo mashabiki wakianza kubishana kuhusu kiwango cha timu, mimi nafungua kurasa za nyuma.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu: kila upande una wachezaji 15, mpira unashikwa kwa mkono na kupigwa kwa mguu, na milingoti ya goli imeinuka juu ikapita mtambaa panya. Ukiupitisha mpira juu ya mtambaa panya, ni pointi 1. Ukiutia wavuni, ni bao, na bao lina thamani ya pointi 3. Matokeo huandikwa mabao kwanza, pointi baadaye. Hivyo 2-11 ni mabao mawili na pointi 11, jumla 17. Shika hesabu hiyo, maana ugomvi wote wa Mayo umo humo.

Kuna mzee jirani yangu ambaye kwake jibu ni laana. Inasimuliwa kwamba mabingwa wa 1951, wakirudi nyumbani na kombe, walipita mji wa Foxford wakishangilia huku watu wakiwa msibani, na padri akaapa kwamba Mayo haitatwaa ubingwa tena mpaka wachezaji wote wa kikosi kile wawe wamefariki. Hakuna ushahidi kwamba jambo hilo lilitokea. Paddy Prendergast, wa mwisho kati ya waliocheza fainali ile, alifariki Septemba 2021, na tangu hapo Mayo haijaiona fainali nyingine. Simlaumu mzee. Mtu aliyesubiri tangu utotoni anahitaji sababu inayolingana na uchungu wake.

Ila daftari langu linasema jingine. Kati ya 2012 na 2021 Mayo ilicheza mechi saba za fainali, ukihesabu na ile ya marudiano ya 2016. Zitazame. Mwaka 2012 ililala kwa Donegal 2-11 kwa 0-13. Mwaka 2013 Dublin iliifunga 2-12 kwa 1-14. Mwaka 2016 ilitoka sare na Dublin, 2-9 kwa 0-15, na mabao yote mawili ya Dublin yalikuwa ya Mayo kujifunga. Mwaka 2020 ilikuwa Dublin tena, 2-14 kwa 0-15. Mwaka 2021 Tyrone wakashinda kwa matokeo yale yale, 2-14 kwa 0-15. Katika mechi hizo tano Mayo ilipitisha pointi nyingi juu ya mtambaa panya kuliko mpinzani wake, na haikushinda hata moja! Wapinzani walihesabiwa mabao 10, Mayo 1.

Mbili zilizobaki, marudiano ya 2016 na fainali ya 2017, mabao yalilingana na Dublin ikashinda kwa pointi moja kila mara. Ile ya 2017 bado inaniuma. Dakika za lala salama, Dean Rock wa Dublin anasimama na mpira wa adhabu wa ushindi, na Lee Keegan wa Mayo anavua kifaa cha kupimia mbio kutoka kwenye jezi yake na kukitupa kuelekea mpira. Rock hakuyumba. Nikikumbuka kitendo kile naona mtu aliyeishiwa kila kitu kingine cha kutoa.

Mashabiki hupotoshwa zaidi na ligi. Ligi huchezwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya michuano ya ubingwa, na timu nyingi hutumia miezi hiyo kujaribu wachezaji. Aprili 2, 2023 Mayo ilitwaa ligi kwa kuifunga Galway 0-14 kwa 0-11. Wiki moja baadaye, hapa hapa Castlebar, Roscommon wakaiondoa katika ubingwa wa Connacht, jimbo letu: 2-8 kwa 0-10. Pointi nyingi zaidi tena, na kipigo tena.

Dawa ya kusajili mshambuliaji haipo. Wachezaji hawalipwi mshahara, wengi ni walimu na mafundi, na mtu huchezea kaunti ya nyumbani kwao. Mfungaji lazima alelewe hapa.

Ndiyo maana naifuatilia kwa hamu timu ya Andy Moran, aliyepewa ukocha mwaka 2025. Yeye ndiye aliyefunga lile bao moja la Mayo katika fainali ya 2013. Sheria nazo zimebadilika: tangu 2025 shuti la juu linalopigwa nje ya tao la mita 40 lina pointi 2, na kila timu lazima ibakize wachezaji watatu katika nusu ya mpinzani. Wengi hapa wanafurahia pointi 2, wakisema Mayo ina wapigaji wa mbali. Mimi nafurahia zaidi sheria ya watatu, kwa sababu ukuta wa watu mbele ya goli umepungua na njia ya kwenda wavuni imefunguka.

Kwa hiyo nikiulizwa dukani, sitazami msimamo wa ligi. Natazama mchezaji wa Mayo aliyempita beki wa mwisho, akiwa mita 14 kutoka golini. Kwa miaka mingi pale amekuwa akiupiga mpira ngumi juu ya mtambaa panya, achukue pointi ya uhakika. Msimu huu nimemtengea safu yake ndani ya daftari: aliyechagua pointi, na aliyelenga wavu.