Mmea Ukifyonza Sumu ya Udongo, Ile Sumu Inaenda Wapi?

Je, wajua kuna mti ambao ukiukwaruza unatoa utomvu wa kijani-bluu, na huo utomvu ukikauka karibu robo ya uzito wake ni nikeli? Unaitwa Pycnandra acuminata, upo Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki ambako udongo umejaa hiyo metali. Mti mzima kabisa, hauumwi, unaota zake msituni.

Mimi miaka yote niliamini mimea ya namna hii inakula sumu, yaani unaipanda pale palipochafuka na metali zenye sumu kama risasi au kadimi, mmea unameng'enya ile metali halafu ikaisha kama chakula tumboni, na wengi bado wanasema hivyohivyo. Si kweli kabisa. Mafuta yakimwagika ardhini sawa, bakteria wanaweza kuyavunjavunja yakabaki maji na hewa ya kaboni, kwa sababu mafuta yameungwa kwa vitu vidogo zaidi. Risasi haijaungwa kwa kitu, ni elementi, ikishakuwa risasi ni risasi, uichemshe, uizike miaka mia, uilishe mmea, bado ni risasi. Mmea unafagia tu. Na ukifagia chumba ukaacha lundo la taka palepale katikati, umefanya nini? Ndo maana majani yakiachwa yaanguke na kuoza, metali inarudi chini ilikotoka, tena sasa ipo juujuu ambapo mbuzi na mtoto wanafika kirahisi. Kazi inakamilika siku mmea ukikatwa na kutolewa pale, na hicho kipande ndo watu huwa wanakiruka wakisimulia.

Sasa unafagiaje? Fikiria mzizi una mageti madogo madogo ya protini, kila geti limewekwa kupitisha chakula fulani, zinki geti lake, fosfati geti lake. Mlinzi wa geti hamjui mtu kwa jina, anaangalia sare tu. Kadimi imevaa sare karibu sawa na ya zinki, na aseniki, sumu nyingine ya udongoni, mara nyingi ipo kwenye umbo linalofanana sana na fosfati, basi zinapita mchana kweupe.

Mmea wa kawaida ukishaingiza mgeni wa hivyo unamfungia hukohuko mzizini asipande juu. Mimea hii michache, inayojulikana ni mamia tu ya spishi na mingi zaidi ni ya nikeli, inafanya kinyume: inamfunga mgeni kamba kwa molekuli kama sitrati au histidini asiguse kitu njiani, inampandisha kwenye mishipa ileile ya maji mpaka kwenye jani, halafu inamsukumia ndani ya vakuoli, ile stoo ya seli, na kumfungia humo mbali na kazi zote za seli. Arabidopsis halleri, jamaa wa kabichi, ana nakala 3 za jeni ya pampu inayopandisha zinki, wakati jamaa zake wa karibu wanayo 1. Pampu nyingi, mzigo mwingi, kitu kinapendeza kwa urahisi wake!

Kwa nini mmea ujijaze sumu hivyo? Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba wadudu wakitafuna jani wanakoma, ila ushahidi wake unatofautiana kati ya mmea na mmea, kwa hiyo tusiuchukue kama jibu la wote.

Kangaga mmoja, Pteris vittata, alitangazwa mwaka 2001 kuwa mfyonzaji wa aseniki baada ya kukutwa Florida kwenye eneo lililochafuka kwa dawa ya kuhifadhia mbao, na kwenye majaribio alijaza zaidi ya gramu 20 za aseniki kwa kilo ya majani makavu. Lakini sio kila mmea na kila sumu. Alizeti ziliwekwa kwenye maboya yanayoelea juu ya bwawa karibu na Chernobyl, kulikolipuka kinu cha nyuklia, miaka ya 1990 zikavuta sesiamu na strontiamu, metali zenye mionzi, vizuri, mizizi ilikuwa inaning'inia majini. Japani baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima ya 2011 alizeti zilezile zikapandwa ardhini na hazikutoa cha maana, maana sesiamu inang'ang'ania chembe za mfinyanzi na mzizi hauwezi kuibandua. Risasi nayo ni hivyohivyo, watu wakajaribu kumwaga kemikali ya kuilegeza ili mmea uifikie, ikalegea kweli, ila nyingine ikazama kuelekea maji ya chini ya ardhi.

Halafu mizizi inafika kina kifupi, na shamba moja linaweza kudai mavuno ya miaka mingi. Mavuno yenyewe yanachomwa kwenye tanuru lenye vichujio, yanabaki majivu kidogo yenye metali nyingi. Yakiwa ya kadimi yanazikwa kama taka hatari, yakiwa ya nikeli yana mnunuzi: Albania kuna wakulima wamepanda mimea ya nikeli kwa majaribio, wanavuna, wanachoma, na nikeli inatolewa kwenye majivu.