Floraidi kisimani na rangi inayong'aa: maswali na majibu

Maji ya kisima chetu Igunga ni meupe na matamu. Yapimwe kwa nini?
Kwa sababu floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba, haionekani wala kunuka, na kwa kuonja hutaitambua. Sehemu kubwa ya Tabora imekaa juu ya miamba ya graniti, na maji yanayokaa humo muda mrefu huweza kuiyeyusha taratibu. Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, maana meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi: yanakuja kuota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Kuna rangi za kupimia zinazong'aa zikikutana na floraidi. Zinaitambuaje?
Katika aina moja, molekuli ya rangi imefungwa kwa kipande chenye elementi ya silikoni, haing'ai. Floraidi huishika silikoni kwa nguvu sana, kipande kinabanduka, rangi inafunguka. Ukimulika taa ya urujuanimno gizani, kichupa cha maji yaliyotiwa rangi hiyo kinawaka.

Kichupa changu kimewaka kidogo. Maji ni mabaya?
Usihukumu bado, mng'ao peke yake si namba. Maabara iyeyushe miligramu 221 za sodiamu floraidi (ni sumu, isikaribie jikoni) katika maji yaliyokenekwa, ijazie hadi lita 1. Hapo kuna miligramu 100 za floraidi. Mililita 15 za mchanganyiko huo zikijaziwa hadi lita 1 zinatoa 1.5 kamili. Linganisha kichupa chako na kichupa cha maji hayo ya 1.5, na kingine cha maji yaliyokenekwa matupu. Vyote vitiwe rangi pamoja na visomwe dakika ileile, kwani mng'ao huendelea kupanda.

Kipimo hudanganya lini?
Mara nyingi, na hili lisifichwe. Rangi nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kwenye vimiminika vya maabara, lakini kwenye maji zinazubaa, kwa kuwa maji huikumbatia floraidi. Maji yenye umagadi mwingi huweza kuvunja kifungo cha silikoni yenyewe, kichupa kikawaka bure. Maji yaliyotulizwa tope kwa shabu yana alumini inayoificha floraidi, nawe ukadhani uko salama. Kwa hiyo chukua maji kabla ya shabu, kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara 3 kwa maji hayohayo, na jibu lithibitishwe kwa elektrodi ya floraidi, yaani kifaa cha maabara kinachotoa namba ya floraidi iliyomo majini.

Nikichemsha?
Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, tena inakolea. Mkaa wa mifupa uliochomwa vizuri huipunguza, lakini huchoka bila dalili, basi pima maji yanayotoka kwenye chujio, si yanayoingia tu.