Fundi, nibanie tu hapa ubavuni

Juzi kijana mmoja kaingia na koti la mtumba, la sufu, rangi ya udongo, kola pana kama masikio ya tembo. Zuri kweli, nusura nimnyang'anye. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, akakamata kitambaa cha ubavuni kwa vidole viwili, huku na huku, akasema yale maneno: "Fundi, nibanie tu hapa ubavuni, likae kisasa."

Nimeyasikia tangu nilipoanza kushona barazani kwa mjomba wangu Ilala, na sasa yamezidi, kwa sababu vijana wamezipenda tena nguo za enzi za wazazi wao. Kuzipenda sina ugomvi nako, mimi mwenyewe kabati langu limejaa. Ugomvi wangu ni na hiyo "tu".

"Ikibanwa ubavuni inakaa"

Haikai. Nguo ya juu inabebwa na mabega, na koti ndiyo usiseme: linaning'inia pale kama pazia kwenye bomba lake. Bega likikosea, vyote vilivyo chini yake vimekosea, hata kama kiuno kimekukamata vizuri.

Mengi ya makoti yanayotoka kwenye mabelo pale soko la mitumba la Karume na kuwavutia vijana kwa ukale wake ni ya miaka ya 1980. Miaka ile mabega ndiyo yalikuwa fasheni yenyewe. Wanaume kwa wanawake walitembea na sponji nene begani, na koti likakatwa pana juu makusudi ili lizimeze. Sasa wewe una mabega ya kawaida, mshono wa bega umevuka mfupa wako kwa inchi moja na nusu, unaniambia nibane ubavu. Nikibana, juu pamebaki pana, chini pamekuwa pembamba, na wewe umekuwa kama henga iliyoota miguu.

Tena si umbo peke yake. Kila ninachomeza ubavuni kinavuta mifuko ya mbele kuelekea mgongoni, mpaka unaingiza mkono mfukoni kama mtu anayejikuna kiuno. Mpasuo wa nyuma unaanza kuachama. Kwapa nalo limebaki kubwa, limeshuka chini, wakati kifua kimebana, kwa hiyo ukiinua mkono kushika bomba la daladala koti zima linapanda nawe hadi masikioni. Halafu unarudi kwangu unasema fundi kaharibu.

Kwa uzoefu wangu, koti lililokwisha kushonwa linavumilia kupunguzwa inchi mbili kwa mzunguko wote. Zaidi ya hapo si kurekebisha tena, ni kulishona upya kwa kujificha.

"Basi punguza mabega." Sawa, ila ujue unachoomba. Nafumua bitana. Naitoa mikono yote miwili. Natoa sponji. Chini yake nakutana na kanvasi, kile kitambaa kigumu kinachokipa kifua cha koti umbo lake, nacho lazima nikiguse kwa adabu. Nakata bega upya. Kwa kuwa tundu la mkono limekuwa dogo, kichwa cha mkono nacho nakikata upya kifuate. Napiga bandi, nakupigia simu uje ujaribu, hupokei. Ukija wiki ya pili umeshanenepa. Koti ulilonunua elfu kumi na tano nitakutoza elfu arobaini, na nikikutajia bei hiyo utanitazama kama mwizi.

Wapo wanaojifanyia wenyewe nyumbani: wanapasua bitana, wanaivuta sponji, wanaitupa. Nao wananikasirisha, lakini kidogo, maana angalau wameelewa tatizo liko wapi. Kile kitambaa kilikatwa kipande mlima wa sponji. Mlima ukiondoka, kitambaa kinabaki na urefu usio na kazi, kinaporomoka na kufanya mikunjo chini ya mtulinga. Dawa ni kuweka sponji nyingine nyembamba, nusu ya ile ya kwanza au chini ya hapo. Ni kazi ya saa moja, na mara nyingi hiyo ndiyo inayolitoa koti mwaka 1986 na kulileta leo bila mkasi kugusa kitu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela mnadani, fanya hivi. Livae juu ya shati, si juu ya fulana peke yake. Funga kifungo. Tafuta kwa kidole pale mfupa wa bega unapoishia. Mshono uwe hapo, au umepita kwa nusu inchi. Kola ikae shingoni bila kuacha pengo la kuingiza vidole. Kisha jikumbatie. Mgongo ukikataa, liache, hata kama muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake. Bega na shingo vikikubali, kiuno kikipwaya na mikono ikizidi, niletee. Hivyo ndivyo vitu ninavyoviweza bila kuliumiza.

Kichekesho ni kwamba hicho "kisasa" wanachokitaka kimeshahama. Suruali za kuvalia sabuni tulizozishona miaka kumi iliyopita, nyie nyie mmezikimbia, mnavaa za upana wa gunia, halafu mnataka koti ndilo libane! Koti la kale lililo pana kidogo linakaa vizuri sana siku hizi juu ya suruali iliyonyooka. Ukitaka nguo ya zamani ikae leo, anza na urefu, achana na upana. Mkono wa koti uishie kwenye kifundo, ncha ya shati ichungulie. Gauni la miaka ya 1970 linaloishia katikati ya muundi, mahali panapomfupisha karibu kila mwanamke, likipandishwa hadi chini kidogo ya goti linakuwa gauni jingine. Upindo peke yake. Nimewashonea watu gauni kama hilo wakaulizwa wamenunua duka gani.

"Mimi navaa namba kumi na mbili"

Ya mwaka gani? Marekani walitoa kipimo cha pamoja cha nguo za wanawake mwaka 1958, na mwaka 1983 kikaondolewa kabisa. Tangu hapo kila kiwanda kinaandika namba inayomfurahisha mteja. Gauni la zamani lililoandikwa 12 ni dogo kwa saizi kadhaa kuliko 12 ya leo. Uingereza wana namba zao, Italia wana zao. Usisome kibandiko. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri kuliko zote, ilaze mezani, ipime kwa futi kamba kwapa hadi kwapa, kiuno, bega hadi bega, andika kwenye simu. Nenda sokoni na hizo namba.

Ikiwa ndogo, geuza ndani utazame mishono. Gauni lililoshonwa na fundi wa mtaani zamani mara nyingi lina akiba ya kitambaa ya inchi nzima kila upande, naweza kukuongezea. La kiwandani lililopigwa ovaloki hadi ukingoni halina kitu. Na hata akiba ikiwepo, mstari wa mshono wa kwanza unaweza kubaki unaonekana, hasa kitambaa kikiwa kimepauka nje na ndani bado kibichi. Huo mstari hautoki kwa maombi.

"Nguo za zamani zilikuwa pamba tupu"

Muulize mzee yeyote aliyevaa bugaluu, ile suruali pana chini. Ilikuwa tetroni, terilini au krimplini, zote polyesta kwa majina tofauti, na jua la Dar lilimpika humo ndani. Polyesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imeenea dunia nzima kwa sababu haikunjamani na haipauki. Ndiyo maana hizo suruali zimetufikia zikiwa na rangi zake, wakati mashati ya pamba ya enzi hizo yameshakuwa matambara ya kupigia deki.

Ukitaka kujua, chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Sufu inanuka nywele. Polyesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Ukikiona kishanga hicho, pasi yako iwe ya uvuguvugu, upige upande wa ndani. Mng'ao unaotokea mapajani kwa pasi kali hauna dawa.

"Zamani watu walivaa kwa heshima"

Hii naletewa na akina mama. Anakuja na gauni fupi la marehemu mama yake, anataka niliteremshe, eti lazima mtu alilikata baadaye, mama asingevaa hivyo. Nikageuza upindo: haujaguswa, uzi ni ule ule wa kwanza. Mama alivaa hivyo. Tena huenda alikimbizwa kwa ajili yake, maana mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, mawigi na nguo za kubana vikapigwa marufuku. Watu hawapigi marufuku kitu kisichovaliwa.

Kuliteremsha siwezi, kitambaa hakipo. Nilimshauri alivae kama blauzi ndefu juu ya suruali ya kitambaa. Alinuna, akaondoka, akarudi baada ya siku tatu.

"Kila mtumba ni wa kale"

Mtumba wa juzi ni mtumba. Tazama maandishi: palipoandikwa Ujerumani Magharibi, nguo ilishonwa kabla ya Oktoba 1990, nchi hiyo haipo tena. Nguo ya Marekani yenye kibandiko cha kudumu cha maelekezo ya kufua kwa kawaida ni ya kuanzia 1972, sheria yao ilipoanza. Zipu ya chuma kwenye gauni ni dalili nzuri, ingawa fundi kama mimi angeweza kuibadilisha. Muuzaji akisema "hii ya kizamani, dada" na kola ina msimbo wa kuskani, mshukuru upite.

"Ukivaa ya zamani, vaa yote ya zamani"

Bugaluu, shati la kola ndefu, viatu vya raizoni vyenye soli nene na afro kwa pamoja ni vazi la maigizo. Chagua kimoja. Kaunda suti ya babu ina mabega laini yasiyo na sponji, inamkaa karibu kila mtu. Vaa shati lake juu ya jinzi, suruali yake ivae na fulana nyeupe siku nyingine. Na vifungo msinibadilishie. Watu wananiletea koti lenye vifungo vya pembe halisi wanataka vya dhahabu ya plastiki.

"Kanga ya bibi nishonee gauni la kubana"

Hapa naomba tusikilizane. Kanga iliyofuliwa miaka arobaini ni pamba iliyochoka. Inyanyue uitazame kwenye mwanga: pale ilipokuwa ikikunjwa sandukuni utaona mistari myembamba inayopitisha mwanga kuliko kwingine. Mshono wa kubana ukivuta hapo, inapasuka, na haipasuki kwenye mshono, inapasuka pembeni yake, ambako sina la kufanya. Nitakushonea kaftani pana, au koti jepesi lenye bitana ya pamba kamili nyuma, ili bitana ndiyo ivutwe na kanga ipumzike juu.

Na jina la kanga silikati. Mteja anapima kwa mahesabu yake, pindo likae chini, mji ukae kifuani, jina liangukie kwenye mshono wa kwapa. Nikikuta hivyo naihamisha mwenyewe bila kuuliza. Bibi aliinunua kwa lile jina, huenda kuna jirani alikuwa analengwa.

"Ina madoa, nimeiloweka kwenye jiki"

Kama ni pamba nyeupe, huenda imepona. Kama ni sufu au hariri, usiniletee, haipo tena; jiki inayayeyusha hayo kama inavyoyeyusha nywele. Harufu ya belo nayo haitibiwi kwa manukato. Itundike kivulini penye upepo siku tatu, nyunyizia siki iliyochanganywa na maji, uwe na subira.

Koti la yule kijana lipo hapa ukutani. Bega lilizidi robo tatu ya inchi, si baya. Nimemwekea sponji nyembamba, nimepandisha mikono inchi moja, ubavuni sijagusa. Alipopita jana kulitazama kabla sijapiga pasi alijigeuza kwenye kioo mara nne, akasema, "Unaona fundi, ulivyonibania ubavuni limekaa." Nimemwambia aje Jumamosi na hela iliyobaki.