Je, wajua kwa nini kodi ya kuuza gesti inaweza kuizidi faida ya jengo lenyewe?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vya Nkuhungu, Ilazo na Nzuguni bei yake haishikiki. Lakini majengo yaliyo juu yake, kwenye vitabu vya kampuni, yanazeeka kila mwaka. Siku ya kuuza hesabu hizi mbili hukutana, na muuzaji asiyejua hushtuka.

Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu jengo la biashara likatwe uchakavu wa 5% ya gharama zake kila mwaka, hadi liishe vitabuni baada ya miaka 20. Ni haki, maana jengo linalika kweli. Fungua shawa kwenye gesti yenye umri kidogo hapa mjini: maji yetu ya chumvi yameshaacha ukoko mweupe, matundu nusu yameziba, na hita imebadilishwa. Kiwanja hakikatwi uchakavu, ardhi haichakai.

Chukua kampuni ya familia iliyojenga gesti kwa shilingi milioni 200. Kila mwaka inaondoa milioni 10 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Baada ya miaka minane imeondoa milioni 80, na kwa kiwango cha kampuni cha 30% imeokoa kodi ya milioni 24. Vitabuni jengo limebaki na thamani ya milioni 120.

Sasa anakuja mnunuzi, na bei ya jengo peke yake, bila kiwanja, ni milioni 220. Wenye gesti wanaona wamepata milioni 20. TRA inaanzia kwenye ile milioni 120, kwa hiyo milioni 100 zinaingia kwenye mapato ya biashara, na kodi yake ni milioni 30. Hapo ndipo watu hulia wameonewa. Toa milioni 24 walizookoa miaka ile: zinabaki milioni 6, ambazo ni 30% ya milioni 20 kamili. Soko limeonyesha kwamba jengo halikupoteza thamani iliyoandikwa, basi kodi iliyoahirishwa inadaiwa.

Linaloniuma ni hili: uchakavu wa mwaka lazima udaiwe mwaka huohuo, hauwekwi kiporo. Asiyeudai kwa uzembe wa vitabu amepoteza ile nafuu. Marekani nako, jengo la kupangisha la makazi hukatwa kwa miaka 27.5, na ukiuza unahesabiwa uchakavu uliostahili hata kama hukuuchukua.

Kiwanja kina hesabu yake, kutoka bei ya kununulia. Ndiyo maana nasisitiza mkataba wa mauzo utenganishe bei ya kiwanja na ya jengo.

Mtu binafsi anayepangisha vyumba nje ya biashara yuko njia nyingine. Kodi ya pango (lugha yetu imeyapa mambo mawili jina moja!) hukatwa zuio la 10% (kodi inayokatwa na mlipaji kabla pango halijamfikia mwenye nyumba), na mambo yanaishia hapo, hana uchakavu wa kudai. Akiuza, hulipa 10% ya faida akianzia gharama alizonunulia na kujengea. Risiti za saruji, nondo na bati ndizo zitakazomsaidia hapo, kwani mkaazi wa Tanzania (kwa maana ya sheria ya kodi) asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa 3% ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa na wathamini wa serikali, ile iliyo kubwa.